"Usirudi" ikisikika "rudi": maneno ya kocha yanavyomfikia mchezaji

Mwezi wa Julai upepo wa kusi huvuma Mombasa bila kupumzika, na uwanja wetu wa mazoezi uko hatua chache tu kutoka baharini. Siku hiyo wavulana wangu wa chini ya miaka 15 walikuwa wanaongoza bao 1 kwa bila, zimebaki dakika chache. Mshambuliaji wa wapinzani alikuwa amesimama nyuma ya mabeki wetu, ameotea waziwazi, yaani yuko karibu na goli letu kuliko mabeki wote, na bao lake lisingekubaliwa. Beki wangu wa mwisho akaanza kusita. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Usirudi!" Akarudi. Kwa hatua zake mbili tu, yule mshambuliaji hakuwa ameotea tena. Pasi ikapita katikati, wakasawazisha.

Mchezo ulipokwisha nilimwita nikiwa na hasira, nikamuuliza kwa nini hasikii. Akanijibu kwa adabu, macho chini: "Kocha, si ulisema rudi?"

Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba mtoto yule alisema kweli. Alisikia "rudi", na akafanya alichosikia, upesi, kama nilivyomfunza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza jambo moja: kuna neno linalotoka kinywani mwa kocha, na kuna neno linalotua sikioni mwa mchezaji. Makocha wengi tunalijua la kwanza tu.

Tuanze na lugha yenyewe, maana hapa Kiswahili kina tabia zake ambazo kozi za ukocha, nyingi zikiwa zimeandaliwa kwa Kiingereza, hazizigusi. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "usirudi" mkazo uko kwenye "ru". Kile kipande "usi", ambacho ndicho kinachobeba katazo lote, hupita haraka mwanzoni na kwa sauti dhaifu. Upepo, kelele za watazamaji na umbali wa mita 50 humeza kwanza kilicho dhaifu. Kinachobaki ni "rudi". Vitenzi vyetu vya Kibantu vina nafuu kidogo kwa sababu mwisho wake hubadilika: piga huwa usipige, toka huwa usitoke, na mwenye sikio kali anaweza kuikamata ile "e". Lakini vitenzi vilivyotujia kutoka Kiarabu, kama rudi, subiri na jaribu, havibadiliki mwishoni. Ukivikanusha kwa kelele kutoka kando ya uwanja, unamwamuru mchezaji afanye kile kile unachomkataza.

Kuna mtego mwingine. Sauti ya mtu anayepiga kelele kwa mbali husafiri kwa irabu. Konsonanti hupotea njiani. Sasa jaribu kusimama upande wa pili wa uwanja umwambie mwenzako "tulia", kisha "kulia". Zote mbili zina u, i, a, na mkazo mahali pamoja. Nimewahi kumwambia kiungo wangu atulie na mpira, akaupeleka winga ya kulia bila kuangalia. Linganisha na "panda", yaani songa mbele, na "rudi": a-a, u-i. Hata upepo ukivuma vipi, hayo mawili hayachanganyiki.

Kisha kuna ile "ni" ya wingi. "Rudi" ni ya mtu mmoja, "rudini" ni ya wote, na mkazo unahama kutoka "ru" kwenda "di". Tofauti hii ni zawadi kwa kocha, kwa sababu kwa silabi moja tu umeshasema unamwambia nani. Lakini wengi wetu tunaitupa. Tunasema "rudi!" tukiwa tunawakusudia mabeki wote wanne, mmoja anarudi, watatu wanabaki, na safu inapinda kama upinde. Anayetakiwa kusikia atajwe jina kwanza, kitendo kifuate. Jina hugeuza kichwa, na kichwa kikishageuka sikio linakuwa tayari.

Makocha tunaipenda sana methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, pengine kwa sababu ya huo mguu. Nimeisikia ikitumiwa viwanja vingi vya mji huu, Serani hadi Changamwe, kumlaumu mtoto aliyekosea. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba la mkuu limesikika. Jambo la kwanza la kuchunguzwa ni hilo.

Na hapa utafiti una habari isiyopendeza kwetu. Katika miaka ya 1970, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, walianza kukaa kando ya viwanja vya besiboli ya watoto na kuandika kila tendo la kocha: amesifu, amekosoa, ameelekeza, amekaripia, amenyamaza mtoto alipokosea. Kisha wakawauliza makocha wenyewe wanadhani hufanya nini, na wakawauliza watoto pia. Maelezo ya makocha yalihusiana kidogo sana na yale yaliyoandikwa na waangalizi. Tabia ambayo walijijua vizuri zaidi ilikuwa ile ya kuadhibu. Watoto walikaribia ukweli zaidi yao.

Niliposoma hayo nilimwomba msaidizi wangu anirekodi kwa simu mazoezi mazima. Nilikuwa na hakika kwamba mimi ni kocha wa kueleza. Nilichosikia usiku ule, nikiwa nimekaa barazani, kilinihuzunisha. Neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa "haraka". Haraka wapi, haraka kufanya nini, sikusema. Majina niliyotaja yalikuwa ya watoto watano au sita, wale wale kila mara, na kulikuwa na mtoto ambaye jina lake halikutoka kinywani mwangu hata mara moja tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza. Mama yake alikuwa amemvusha feri kutoka Likoni ili aje acheze. Ningemshauri kila kocha afanye hivyo mara moja tu. Simu inatosha, gharama hakuna.

Smith na Smoll hawakuishia kwenye kuhesabu. Waliandaa mafunzo mafupi ya makocha: sifia jitihada na si bao peke yake, mtoto akikosea mtie moyo kisha mwonyeshe cha kufanya, acha kuadhibu makosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulifuatilia watoto msimu uliofuata. Katika kundi la makocha wasiofunzwa, asilimia 26 ya watoto hawakurudi kucheza. Kwa waliofunzwa ni asilimia 5. Timu za makocha waliofunzwa hazikushinda zaidi ya nyingine. Watoto walibaki tu, na kwa kocha wa mtaani hilo ni jambo kubwa. Hapa kwetu anayeacha mpira akiwa na miaka 13 ana mahali pengi pa kwenda, na si pote pazuri.

Msomaji asidhani basi kwamba mawasiliano mazuri ni kusifu tu. Mfano ninaourejea sana ni wa John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa UCLA, Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, aliyechukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 katika miaka 12. Watafiti wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, waliketi kwenye mazoezi yake 15 katika msimu wa 1974-75, wakaorodhesha matendo yake 2,326. Walitarajia hotuba. Wakakuta kwamba karibu nusu ya yote aliyosema ilikuwa maelekezo matupu: fanya hivi, simama hapa, pasi kabla ya kuruka. Sifa zilikuwa chini ya asilimia 7, na kuonyesha kutoridhika pia chini ya asilimia 7. Alipomsahihisha mchezaji alimwonyesha njia sahihi, akaiga lile kosa, akaonyesha tena sahihi, na mara nyingi yote hayo hayakuzidi sekunde tatu. Mchezaji akaendelea kucheza.

Sekunde tatu. Fikiria sisi tunavyosimamisha mazoezi, watoto 20 wamesimama juani saa 10 na nusu jioni, tukieleza kosa la mmoja mpaka yule aliyekosea amesahau alikuwa amesimama wapi.

Kuna swali ambalo ufupi peke yake haulijibu: hayo maneno machache yaseme nini? Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililobadilisha mazoezi yangu kuliko lolote. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu wanaojifunza kwenye mashine inayoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kundi moja liliambiwa lielekeze mawazo kwenye miguu yao, isukume vipi. Kundi lingine liliambiwa liwaze magurudumu ya mashine, ambayo yalikuwa chini kabisa ya miguu hiyo hiyo. Waliowaza magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Tangu hapo jambo hili limepimwa kwenye gofu, kuogelea, kuruka na michezo mingine mingi, na mara nyingi jibu huwa hilo: mchezaji akiuwaza mwili wake, mwili unakakamaa, akikiwaza kitu anachotaka kukifanya nje ya mwili, mwili unajipanga wenyewe.

Kwa lugha ya uwanjani ni hivi. Kumwambia mtoto "kaza kifundo, inamisha kifua, goti juu ya mpira" ni kumpa mambo matatu ya mwilini mwake. "Upitishe mpira chini ya mwamba" ni jambo moja, na liko nje. Kwa mwogeleaji, "kunja kiwiko" ni la ndani. "Sukuma maji yaende nyuma" ni la nje. Na watoto wa Pwani wana hazina ya picha ambazo hakuna kitabu cha kigeni kitakachowapa. Kwa miezi nilihangaika kumfunza winga mmoja kupunguza urefu wa hatua zake anapokaribia beki. Nilimweleza goti, nikamweleza nyayo, nikachora mchangani. Siku moja nikamwambia, "Pita kama unakanyaga mchanga wa saa saba mchana." Kila mtoto aliyewahi kwenda ufukweni bila viatu anajua mwili unafanya nini hapo. Hakuuliza swali. Alikwenda, na hatua zikawa fupi, nyepesi, za haraka.

Picha ya namna hii ina faida nyingine inayoonekana siku ya presha. Mwaka 1992 Richard Masters alionyesha, kwa watu waliojifunza kupiga mpira wa gofu kuelekea shimoni, kwamba waliofunzwa kwa kanuni nyingi za maneno waliyumba walipowekwa chini ya shinikizo, lakini waliojifunza bila kanuni hizo waliendelea kuimarika. Aliyefunzwa kwa orodha huirudia orodha kichwani penalti inapofika, na hapo ndipo mguu unapokwama.

Niseme kidogo juu ya kunyamaza, kwa sababu kocha anayepiga kelele dakika 70 nzima mara nyingi anapongezwa na wazazi kwamba ana bidii. Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha mwaka 1990 kwamba wanaoambiwa walivyofanya baada ya nusu tu ya majaribio yao hukumbuka ujuzi vizuri zaidi baadaye kuliko wanaoambiwa kila mara. Wanaoambiwa kila mara hufanya vizuri wakati ule ule wa mazoezi, na hapo ndipo kocha anapodanganyika. Wanajifunza kusubiri sauti yako. Kisha Jumamosi uko mbali, upepo unavuma, sauti haifiki, na hawana cha kujiongoza. Winga akipoteza mpira siku hizi ninajizuia. Nikiona ameangalia pale alipopotezea na kutikisa kichwa, najua ameshajiambia. Nikisema na mimi nitakuwa namfunika.

Huenda umewahi kusikia kwenye semina kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno, ni sauti na mwili. Takwimu hiyo huzungushwa sana kwa makocha na hupotosha. Ilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambapo watu walisikilizishwa neno moja moja na kuonyeshwa picha za uso, wakadirie kama msemaji anampenda mtu au hampendi. Ilihusu hisia, na maneno yalipogongana na uso. Huwezi kumweleza beki jinsi ya kumkaba mtu kwenye kona kwa asilimia 93 ya uso wako. Kilichobaki cha kweli ni kidogo lakini kina uzito: ukisema "hakuna neno, endelea" huku umeshika kiuno na kumpa mtoto mgongo, ataamini mgongo.

Mwili wa mtoto nao husomwa vibaya. Kocha mwenzangu aliyekuja kutoka bara alilalamika kwamba watoto wa hapa hawamtazami anapozungumza, akaona ni dharau. Nilimweleza kwamba wengi wao wamelelewa kuinamisha macho mkubwa anapowaonya, na kwamba angepaswa kuwa na wasiwasi zaidi siku watakapomkazia macho. Malezi hayo hayo ndiyo yanayofanya swali la "Mmeelewa?" lisiwe na maana yoyote. Jibu ni "Ndiyo, kocha", kwa pamoja, hata kama hakuna aliyeelewa, kwa sababu kusema hapana ni kama kumwambia mkubwa ameeleza vibaya. Badala yake mimi huuliza: "Mpira ukipotea pale karibu na kona, wewe unakwenda wapi?" Naye akionyesha kwa kidole, najua. Akienda kinyume, kosa la maelezo ni langu na ninamwambia hivyo mbele ya wenzake.

Mapumziko ya mchezo hayazidi dakika 15 kwa sheria, na kwa watoto huwa mafupi zaidi. Toa kutembea, maji, na pumzi kurudi. Unabaki na dakika tatu au nne za masikio yaliyo wazi. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushika mambo kama manne kwa wakati mmoja, na huyo alikuwa hazungumzii mtoto aliyechoka na kukasirika. Mimi husema mawili: moja la tukiwa na mpira, moja la tukiwa hatuna. La tatu nikiwa nalo ninalimeza.

Wazazi ni uwanja mwingine, na makosa yake huwa madogo yenye gharama kubwa. Niliwahi kuandika kwenye kundi la WhatsApp: "Mechi Jumamosi 4, msichelewe." Nusu ya timu ilifika saa nne asubuhi, na wengine walipanga kuja saa kumi jioni kwa sababu waliisoma ile 4 kwa saa ya Kiingereza. Mama mmoja alikuwa amefunga genge lake asubuhi nzima ili amlete binti yake. Sasa huandika "saa 10 na nusu jioni, baada ya swala ya alasiri", na kwa timu ya wasichana huongeza tutamaliza saa ngapi, kwa kuwa mzazi wa msichana anachotaka kujua zaidi ni kama mwanawe atakuwa nyumbani kabla ya magharibi. Sentensi hiyo moja imenibakishia wachezaji kuliko maneno yote niliyowahi kusema kuhusu faida za michezo.

Kwa refa, kifupi: tangu msimu wa 2019/20 kanuni za soka zinamruhusu amwonyeshe kocha kadi ya njano au nyekundu, na watoto wako wanaangalia.

Jambo la lugha ambalo sikulitaja mwanzoni linahusu herufi mbili tu. Sikiliza kocha akihojiwa baada ya kushinda: "Tumecheza vizuri, tumewabana, tumepata mabao." Msikilize akishindwa: "Walilala. Hawakufuata maelekezo." Na chumbani anawaambia wenyewe: "Mmeniangusha." Ile "tu" imeondoka, "m" imeingia, na kocha ametoka kwenye timu kwa silabi moja. Watoto hulisikia hilo vizuri kabisa, hata lisemwe kwa sauti ya chini. Siku ya ile "usirudi" nami nilisema "mmejifungisha". Wiki iliyofuata niliwakusanya nikawaambia, "Tulifungwa kwa sababu neno langu halikufika," nikawaeleza habari ya upepo na ya silabi, kisha nikawaomba wachague wenyewe maneno tutakayotumia.

Walibishana jioni nzima. "Usirudi" ikafutwa, ikawekwa "panda". "Tulia" ikawa "polepole", kwa sababu hakuna neno jingine la uwanjani linalojirudia namna hiyo. Kulia na kushoto zikaondolewa kabisa, maana kipindi cha pili pande hubadilika na walio nyuma kidogo kwenye masomo walikuwa wakiona haya kuuliza kulia kwa nani. Wakasema upande mmoja uitwe "bahari", mwingine "barabara". Bahari haihami mapumziko yakifika.

Mchezo uliofuata ulikuwa Changamwe. Tuliposhuka kwenye matatu, yule beki wa mwisho alisimama akageuka huku na huku, akaniuliza, "Kocha, hapa bahari iko wapi?" Wakazunguka uwanja mzima kabla hata ya kubadilisha nguo, wakakubaliana juu ya ukuta upande mmoja na mwembe upande wa pili. Kipa akaenda golini kwake, akakusanya mikono kinywani, akapiga kelele, "Mwembe!" Mbali kule, karibu na kibendera cha kona, winga akainua mkono.